Kinachotendeka Nyuma ya Ngoma

Filamu ya wimbo "This Is America", aliyoitoa mwanamuziki Childish Gambino mwezi wa Mei 2018 chini ya uongozaji wa Hiro Murai, yastahili kutazamwa mara mbili: kwanza kwa ajili ya ngoma, kisha kwa ajili ya yale yatendekayo nyuma ya ngoma. Kamera humfuata mwimbaji ndani ya ghala kubwa, naye akicheza pamoja na vijana waliovaa sare za shule, ilhali nyuma yao watu wakimbizana, moto wawaka, na farasi mweupe apita bila ya kuangaliwa. Hata bastola, ikisha kumwua mtu, yapokewa kwa taadhima juu ya kitambaa chekundu, na maiti yaburutwa sakafuni. Mtazamaji, maadamu macho yake yamenaswa na miguu ya wachezaji, hujikuta ameshiriki mghafala ule ule unaoshutumiwa.

Nasi wa Ruanda, mkoani Songwe, kazi hiyo haitupiti kando, kwani mojawapo ya ngoma zichezwazo humo ni gwara gwara ya Afrika Kusini, huko huko yaelekeako baadhi ya malori yavukayo mpaka wa Tunduma kuingia Nakonde, Zambia.

Waongozaji wetu wa filamu za nyimbo za Bongo Fleva hawakosi kamera wala vipaji. Lakini, tofauti na filamu hiyo, aghalabu nyuma ya picha zao huwa pambo la magari ya fahari, na mbele husimamishwa binti mwenye ngozi nyeupe, kana kwamba weusi ni aibu ya kusitiriwa. Dhuluma hiyo ya rangi hakuna mgeni aliyetushurutisha kwayo siku ya kupiga picha.