Mtoto wa Jirani ni wa Nani?

Ndugu Waislamu, iko senema ya Kifaransa ya mwaka 2003, iitwayo Monsieur Ibrahim et les fleurs du Coran, ambayo ilimpatia Omar Sharif, mzaliwa wa Iskandaria, tuzo ya César mwaka 2004. Humo yeye ni mzee Ibrahim, Muislamu wa Kituruki mwenye duka mjini Paris, miaka ya 1960. Majirani humwita "Mwarabu" kwa kuwa duka lake huwa wazi hata usiku na Jumapili. Kijana wa Kiyahudi, Moïse, humwibia makopo. Mzee ajua, wala hamfedhehi. Baba wa kijana amtupa mwanawe, kisha ajiua. Mzee amchukua awe mwanawe, na mwisho amwachia duka.

Wako wanaoilaani senema hii. Kwa jambo moja wana haki: kijana aingia kwa makahaba, na mzee hamkatazi. Huo si mwenendo wa Kiislamu, wala si huruma. Ampendaye mtoto hamwachi akaungua.

Lakini wana hoja ya pili: ati Uislamu haukubali kumfanya mtoto wa mtu kuwa wako. Hapa twasema: neno ni la haki, lakini lililokusudiwa ni batili. Suratul-Ahzab imekataza kugeuza nasaba. Mtoto na aitwe kwa baba yake. Je, imekataza kumlisha, kumvisha na kumsomesha? Hata mali ina njia yake: mlezi aweza kumwusia katika thuluthi. Na Suratul-Maun yamhesabu amsukumaye yatima kuwa ni mwenye kuikadhibisha dini. Basi hukumu ya nasaba tusiifanye pazia la ubakhili wetu.

Tujiulize: mtoto akiiba andazi dukani kwetu, hupata nini? Hupata kofi, na kelele za "mwizi!" Nani humwuliza jana alikula nini, na usiku alilala wapi? Na adhana ikilia, sisi hao, safu ya mbele.

Aliyemtunga mzee Ibrahim, Éric-Emmanuel Schmitt, si Muislamu. Naye alipotaka kuwaonyesha Wafaransa jirani mwema, alimweka Muislamu nyuma ya meza ya duka. Ni aibu iliyoje, mtoto wa Mombasa au Unguja akimtafuta mzee huyo mtaani kwake, asimwone ila katika senema!

Mwenyezi Mungu atulainishe nyoyo. Amin.