Mwendo wa Kanda na Mahali pa Sauti

Miongoni mwa wanachuo wanaofundisha kwa sauti zilizorekodiwa imezuka desturi ambayo twaona yafaa tuipinge mapema. Watoto wasipofahamu yanayosemwa, mwalimu hupunguza mwendo wa chombo. Hudhani amebadili kasi ya maneno tu, na kwamba mengine yote yamebaki kama yalivyokuwa. Hayakubaki. Amebadili pia ukubwa wa chumba ambamo maneno yale yalisemwa, na pengine amewahamisha wasemaji kutoka mahali waliposimama.

Tulilishuhudia jambo hili huko Mabira, wilayani Kyerwa, tulipokwenda kukagua mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo wetu, kijana mwenye bidii, alikuwa akifundisha ufahamu wa kusikiliza katika Darasa la Tatu. Alikuwa amerekodi mazungumzo ya muuza ndizi na mteja wake, yaliyoigizwa na wenzake wawili ndani ya darasa tupu. Aliunganisha simu na spika mbili, moja kila upande wa ubao, hata muuzaji akasikika kushoto na mteja kulia. Zana ilikuwa nzuri. Lakini wengi wa watoto wale huzungumza Kinyambo nyumbani, na maneno ya Kiswahili yaliwapita upesi. Mwanachuo akapunguza mwendo hadi nusu, kisha akauliza, "Watu hawa wako wapi?" Alitarajia kuambiwa "sokoni". Mtoto mmoja akajibu, "Wako kanisani, mwalimu." Darasa likacheka, na mwanachuo akamwambia amekosa. Sisi tuliokaa nyuma tuliona kwamba mtoto yule alikuwa amesikia vizuri kuliko mwalimu wake.

Tuliporudi chuoni tulilijaribu jambo lenyewe. Katika stoo yetu mna kinasa sauti cha zamani, cha magurudumu mawili ya utepe, chenye mwendo wa sentimita 19 na wa sentimita 9.5 kwa sekunde. Mmoja ni nusu ya mwingine. Tulipiga kofi mbele ya ukuta ulio umbali wa mita 8.5, tukarekodi kwa mwendo mkubwa. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Basi kwenda ukutani na kurudi, mita 17, ni sehemu ya ishirini ya sekunde. Tulipousikiliza utepe kwa mwendo mdogo, mwangwi ulirudi baada ya sehemu ya kumi ya sekunde. Sikio, ambalo halijui habari za utepe, hupima kwa kipimo chake cha siku zote: ukuta uko mita 17. Tena mwangwi wa chumba chote, ambao hufifia polepole, huchukua muda mara mbili kufifia. Darasa limekuwa kanisa.

Katika kinasa sauti cha zamani dalili nyingine ilimwonya msikilizaji: mwendo ukipungua nusu, sauti hushuka oktava nzima, na mama huwa na sauti ya jitu. Simu za siku hizi huweza kupunguza mwendo pasipo kushusha sauti. Hapo ndipo tunapodanganyika. Sauti ya mama imebaki ya mama, nasi hatushuku kitu, hali mwangwi umerefuka vilevile.

Na mahali pa msemaji je? Mwaka 1907 Mwingereza Lord Rayleigh alieleza kwamba tunatambua upande inakotoka sauti kwa njia mbili. Kwa sauti nzito tunategemea tofauti ya wakati baina ya sikio moja na jingine, tofauti ambayo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa sauti nyembamba tunategemea kivuli cha kichwa, kinachoipunguza nguvu ya sauti katika sikio la mbali. Stereo, ambayo Alan Blumlein aliiombea hataza nchini Uingereza mwaka 1931, hujengwa juu ya tofauti za namna hiyo.

Tofauti ya nguvu haibadiliki kwa kupunguza mwendo. Tofauti ya wakati hubadilika. Tuliweka maikrofoni mbili zilizotengana sentimita 17, upana wa kichwa hivi, na msemaji akasimama kushoto kidogo. Tulipousikiliza utepe kwa visikizi vya masikioni, kila kimoja kikipokea maikrofoni yake, kwa mwendo wa nusu, tofauti ya wakati ilizidi maradufu na msemaji akasukumwa kushoto kabisa, kana kwamba anatusemea sikioni. Ni sawa na kusikiliza kwa kichwa chenye upana maradufu.

Tukiri hapa kwamba darasani ni watoto wachache tu wanaoipata stereo yenyewe. Aliyekaa pembeni, karibu na spika moja kwa mita tatu kuliko ya pili, hupokea sauti ya spika hiyo mapema kwa takriban sehemu tisa za elfu za sekunde, na kila kinachotoka katika spika zote mbili kwa pamoja hukisikia kama kinatoka kwenye ile ya karibu. Spika moja iliyoinuliwa mbele yatosha. Mvua ikianza juu ya bati, hata hiyo izimwe.

Hoja yetu kuu lakini ni juu ya mwendo. Mtu akisema polepole huongeza zaidi vituo baina ya maneno, na huvuta irabu. Mpasuko wa "p" na "t" hubaki mfupi. Chombo huvuta vyote pamoja, hata mpasuko ambao ulimi wa binadamu hauwezi kuuvuta, na mtoto anayejifunza Kiswahili hupewa konsonanti ambazo hatazisikia kwa mtu yeyote. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 vikundi vya watu wazima vilisikiliza redio pamoja, na hapakuwa na mtu aliyeweza kuipunguzia mwendo. Asiyefahamu alisaidiwa na mazungumzo ya kikundi baada ya kipindi, kwa vinywa vya watu. Mwalimu afanye vivyo hivyo: asimamishe chombo, aseme sentensi ile yeye mwenyewe, kisha airudie kanda kwa mwendo wake wa asili.

Mwendo wa nusu tuuweke katika somo la Sayansi, mada ya sauti, ambako swali "watu hawa wako wapi?" lina majibu mawili yenye haki. Mwanachuo wetu alikubali. Juma lililofuata aliwasimamisha watoto wawili mbele ya darasa wayasome mazungumzo yale ya ndizi, akawafumbisha macho wengine waonyeshe kwa kidole anakosimama muuzaji. Yule wa kanisani alichaguliwa kuwa mteja, akabishana juu ya bei hadi kengele ikalia.