Wanawake wa Kompyuta Wasiachwe Peke Yao



Kumekuwa na manung'uniko katika matawi mawili matatu kwamba wenzetu wa kike wanaofanya kazi ya kompyuta wameanzisha baraza lao kwa njia ya intaneti, baraza ambalo mwanamume haingii. Wako wasemao kuwa huku ni kuwagawa wafanya kazi, na kwamba shida yo yote iletwe chamani, basi. Sisi twaona wasemao hivyo wamekosea, na twataka kueleza kwa nini.

Kwanza tuondoe uwongo mmoja. Kazi ya kuandika programu, yaani yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata hatua kwa hatua, si kazi ya wanaume iliyovamiwa na wanawake juzi. Kompyuta kubwa iliyoitwa ENIAC ilipoonyeshwa kwa watu huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1946, walioiandalia programu zake walikuwa wanawake sita. Ilisifiwa mashine, wakasifiwa na mabwana walioiunda. Wale mabibi hawakutajwa, na ilipita miaka mingi kabla ya majina yao kujulikana. Siku zile watu walidhani kazi ile ni ukarani tu. Ilipoanza kuleta heshima na mshahara mnono, wenye kazi wakabadilika. Mwaka 1984, katika kila watu 100 waliopata digrii ya kompyuta huko Marekani, kiasi cha 37 walikuwa wanawake. Kufika mwaka 2010 walikuwa kiasi cha 18 tu. Je, akili za wanawake zilipungua nusu kwa miaka 26?

Uingereza nako mambo yalikuwa hayo hayo. Bibi Stephanie Shirley alianzisha kampuni yake ya programu mwaka 1962, akawaajiri hasa wanawake walioacha kazi kwa sababu ya kulea watoto, wakafanya kazi wakiwa nyumbani. Barua zake za kutafuta kazi hazikupata majibu ya maana mpaka alipoanza kutia sahihi kwa jina la "Steve", ambalo ni la kiume. Kalamu ile ile, mkono ule ule.

Sasa tuje kwenye baraza lenyewe. Mwaka 1987 mtaalamu mmoja wa Marekani, Bibi Anita Borg, alihudhuria mkutano wa wataalamu wa kompyuta. Wanawake walikuwa wachache mno katika umati ule wa wanaume. Wakatafutana, wakala pamoja, wakazungumza, wakaona haifai watawanyike hivi hivi. Bibi Borg akafanya mpango wa kuandikiana kwa kompyuta: mmoja akituma barua, inawafikia wote. Wakajiita Systers, jina linalochanganya neno la Kiingereza la dada na lile la mfumo wa mashine. Baadaye wakawa maelfu, katika nchi nyingi.

Wanachama wa kiume watafakari jambo hili. Mwanamke yuko peke yake katika chumba cha wanaume ishirini. Akiuliza, wanacheka kuwa hajui kazi. Asipouliza, anabaki nyuma, na mwisho wa mwaka anaambiwa hana bidii. Lakini akiwa na baraza, anauliza usiku na asubuhi ana majibu ya watu watatu waliopita njia ile ile. Wala hawaulizani juu ya mashine tu. Wanaulizana kazi kama hii hulipwa kiasi gani mahali pengine, na mkubwa akikuambia neno chafu unaanzia wapi, na mwenzio aliporudi baada ya kujifungua alikuta kiti chake kina nani. Mambo haya mwanamke hayasemi mbele ya wanaume ishirini, hata kama kumi na tisa kati yao ni watu wema.

Bibi Borg naye aliulizwa kwa nini wanaume wamefungiwa mlango. Hoja yake ilikuwa nyepesi: wanawake wa kazi hiyo ni wachache na wametawanyika, na kila mahali pengine wanazungumza wakiwa wamezidiwa kwa idadi. Wala baraza lile halikuwa la kulia tu. Mwaka 1992 kampuni ya Mattel ilipouza mwanasesere wa kike anayesema kwamba somo la hesabu ni gumu, Systers walikuwa miongoni mwa waliopiga kelele, na kampuni ikayaondoa maneno yale. Mwaka 1994 Bibi Borg na mwenzake, Bibi Telle Whitney, waliitisha mkutano mkubwa wa wanawake wa kompyuta, wakaja kiasi cha 500.

Hapa kwetu, mwaka 2010, wanawake wachache wa Nairobi wenye ujuzi huo walianzisha AkiraChix, wakawafundisha kazi ya kompyuta wasichana wa jamaa maskini. Mwaka 2011 mmoja wao, Bibi Judith Owigar, alitunukiwa na ile taasisi yenye jina la Bibi Borg, aliyefariki mwaka 2003. Basi asituambie mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu.

Lakini baraza lina mpaka wake. Dada mia wanaweza kumwambia mwenzao kwamba anapunjwa, wala hakuna hata mmoja awezaye kuketi mbele ya tajiri na kutia sahihi mapatano. Hiyo ni kazi ya chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inataka malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa. Kifungu cha 6 kinamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na mwongozo ulioandikwa wa kuzuia watu kusumbuliwa kimapenzi kazini. Kifungu cha 29 kinatoa miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Maneno ni mazuri, lakini nani atajua kuwa hapati malipo sawa ikiwa kila mtu anaficha hati yake ya mshahara? Ni katika baraza ndipo hati hizo hulinganishwa. Na mwanamume asidhani hayamhusu. Tajiri akipata mtu wa kufanya kazi yako kwa bei ndogo, kesho atakuuliza wewe kwa nini unataka zaidi.

Tumesikia pia kuwa katibu mmoja wa tawi alitaka aingizwe barazani "ili aone yanayosemwa." Hapana. Intaneti imejaa watukanaji na wapelelezi, tena wako wanaume wanaojifanya wanawake. Mlango ule umefungwa kwa sababu. Dada zetu nao twawasihi wasitumie kompyuta wala simu ya kampuni kwa mazungumzo hayo, maana mwenye chombo aweza kuyasoma.

Katika mapatano yajayo, kamati yenu itadai mambo matatu: tajiri alipe intaneti na umeme wa mtu anayeamriwa kufanya kazi nyumbani, saa za kujifunza ujuzi mpya zihesabiwe kuwa saa za kazi, kwa sababu mwenye mtoto nyumbani hana jioni ya bure, na anayetoka kazini usiku apewe gari. Kuhusu mishahara hatuna tarakimu za kutosha. Kwa hiyo kila tawi lichague mwanamke mmoja kutoka kazi ya kompyuta, achaguliwe na wanawake wenyewe, atuletee yale tu ambayo wenzake wamekubali yatoke barazani: kazi gani, miaka mingapi, mshahara kiasi gani. Majina yasiandikwe. Makaratasi yawe ofisini kabla ya mwisho wa mwezi, na katibu wa tawi asiyafungue.