Nani Kasema Riwaya Inakuja Yenyewe?

Kuna ugonjwa umetuingia sisi waandishi chipukizi wa huku Mtwara. Huenda wenzetu wa Lindi na Dar nao wanao, ila wao watajitibu wenyewe. Ugonjwa wenyewe ni huu: kijana ananunua kaunta buku kwaya nne, anaandika "Sura ya Kwanza" kwa herufi kubwa, anapiga mstari chini yake, halafu anaanza kumwagika. Ukimuuliza, bwana, hii hadithi yako inaishia wapi, anakucheka. Anakwambia riwaya ni kipaji. Eti inakuja yenyewe. Eti ukipanga unaua msisimko, kwani wahusika ndio watakaokuonyesha njia.

Haya. Wahusika wamekuonyesha njia mpaka sura ya tisa. Kisha? Kisha kimya. Nusu ya kaunta buku imebaki tupu na mwenyewe kashaanza riwaya nyingine. Nenda Ligula, nenda Shangani, nenda Chikongola, hukosi kijana mwenye riwaya tatu zilizokatikia njiani. Na hao hao ndio wanaopiga kelele kwamba wachapishaji wa Dar hawawataki watu wa Kusini. Jamani, mchapishaji apokee nini? Nusu jahazi?

Na kwa vile nimetaja jahazi, nijibu kabisa hoja yao wanayoipenda. Wanasema: mtazame fundi wa vyombo pale Mikindani, hana karatasi, hana ramani, na chombo kinaelea. Ni kweli hana karatasi. Lakini nenda ukakae umwangalie. Kabla hajapigilia ubao hata mmoja, mkuku umeshalazwa. Na alipoulaza mkuku alikwishajua chombo ni cha kubeba nini na cha kwenda wapi, maana urefu wa mkuku ndio unaoamua mengine yote: mataruma mangapi, mlingoti wa kimo gani, tanga la ukubwa gani. Ramani anayo, iko kichwani. Kaipata kwa aliyemfundisha, miaka ile akiwa mtoto wa kushika misumari na kutia kalafati. Wewe ambaye hujamaliza hata kidau unataka kujenga bila ramani ya kichwani wala ya karatasini. Utatia kalafati wapi, na mbao zenyewe hazikutani?

Chanzo kimoja cha ugonjwa huu ni neno "Itaendelea". Tumelelewa na hadithi za magazetini, na siku hizi zimehamia kwenye makundi ya WhatsApp: sehemu ya kwanza bure, ya pili bure, ya tatu tuma hela. Sina ugomvi na mtu anayetafuta riziki yake. Ugomvi wangu ni kwamba mwandishi wa namna hiyo halipwi kwa kumaliza, analipwa kwa kutomaliza. Kwa hiyo kila akikwama anafufua maiti. Yule aliyezikwa sehemu ya 12 kumbe alikuwa pacha. Sehemu ya 40, pacha naye kumbe alikuwa na jini. Msomaji anaona raha, simkatalii, lakini hiyo si riwaya, ni foleni.

Na asije mtu akaniambia mbona Charles Dickens wa Uingereza naye aliandika kwa mafungu ya kila mwezi. Aliandika, ndiyo. Lakini alipokuwa akitoa David Copperfield kwa mafungu, 1849 hadi 1850, alikuwa na karatasi ya mpango kwa kila fungu: nani aingie, nani asubiri, siri ipi isitoke kwanza. Karatasi hizo zipo London mpaka leo. Yaani mtu alikuwa anakimbizana na mwezi, na bado alipanga.

Kundi la pili ni la akina Joram Kiango wa bandia. Hawa wamemsoma Ben Mtobwa, wamemsoma Elvis Musiba na Willy Gamba wake, wakaiga bastola, wakaiga hoteli, wakaiga mrembo mwenye siri. Kilichokuwa na thamani wakakiacha palepale. Hadithi ya upelelezi ndiyo hadithi isiyowezekana kabisa bila mpango! Mohamed Said Abdulla alipomtuma Bwana Msa kazini katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka 1960, unafikiri yeye mwenyewe alikuwa anamtafuta muuaji pamoja na msomaji? Dalili inawekwa ukurasa wa mwanzoni kwa sababu mtu anajua itaokotwa wapi. Hadithi ya namna ile inafikiriwa kinyumenyume. Sasa kijana wa Chikongola anamtuma mpelelezi wake Masaki, kwenye jumba la ghorofa ambalo mwandishi mwenyewe hajawahi kukaribishwa hata chai, na muuaji anapatikana kwa ajali ya gari. Ukikwama, gari. Ukikwama tena, ndoto.

Nina neno na shule pia. Sisi tulioishia kidato cha nne tulisoma Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu kwa lengo moja tu, mtihani. Fani na maudhui. Muundo wa moja kwa moja, muundo rejea. Mwanafunzi anajua kuandika "msanii ametumia muundo wa moja kwa moja" na akapata alama zake, lakini muulize kwa nini tukio la tatu limekuja baada ya la pili, na lingekuja kabla yake nini kingeharibika. Hana habari. Umemfundisha mtu kupaa samaki miaka minne, leo unashangaa hajui kuvua. Walimu siwalaumu sana, maana nao walifundishwa kupaa. Ila sisi tusijidanganye kwamba kwa kuwa tulipata B ya Kiswahili basi riwaya tunaijua.

Wajanja wanalo jibu moja la mwisho, na huwa wanalitoa kwa sauti ya chini kama mtu anayefunua almasi: "Mbona Kezilahabi katika Nagona hana msuko?" Ndugu yangu, Nagona ilitoka 1990. Rosa Mistika ilitoka 1971. Katikati hapo kuna Kichwamaji, kuna Dunia Uwanja wa Fujo, kuna Gamba la Nyoka. Mtu alisuka miaka kumi na tisa ndipo akafumua. Na hebu irudie Rosa Mistika uone kazi ya fundi: kipigo cha baba mlevi kwa sababu ya barua moja ndicho kinachomwandalia binti njia yote inayofuata. Toa kile kipigo, kitabu kinabomoka. Wewe toa sura yoyote ya riwaya yako uone kama kuna kitakachobomoka.

Hapo ndipo penyewe. Msuko, au ploti kama wengine wanavyosema, si wingi wa matukio. Mvua ilinyesha, Fatu akaolewa: hayo ni matukio mawili yamesimama jirani. Ubwiri ulishika maua ya mikorosho, mavuno yakawa haba, deni la duka likabaki, ndipo Fatu akaozwa kwa mwenye duka: huo umeanza kuwa msuko. Kitu kimoja kinakivuta kingine kwa nywele.

Kwa sisi watu wa huku jambo hili si la mapambo. Mambo yetu yamekuwa yakisimuliwa na wengine tangu zamani. Mpango wa karanga ulikuja 1947, ukashindwa. Reli ikafika Nachingwea, ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ghasia za bomba la gesi, Januari na Mei 2013, watu walikufa na nyumba zilichomwa. Yote hayo yamo kwenye ripoti na magazeti, na kila ripoti huanza pale mwandishi wake alipotaka ianze. Nimesoma hadithi nne za vijana wenzangu kuhusu 2013. Zote ni moshi, mabomu ya machozi, mbio, basi. Hakuna hata moja iliyoniambia yule kijana anayekimbia alikuwa anataka nini jana yake saa kumi jioni. Kama hakutaka kitu, ghasia hazimnyang'anyi kitu, na mimi msomaji sina cha kumlilia.

Wenzangu watasema huku hakuna kisa, maisha ni korosho tu. Korosho tu! Hivi mmewahi kuutazama msimu wa korosho kwa jicho la msukaji? Miezi ya njaa, gunia limeisha, ada ya mtoto inadaiwa, mzee anachukua hela kwa kangomba. Korosho hazijaota hata ua, tayari zimeuzwa kwa bei ya huruma. Kuanzia hapo kila anachofanya mzee, kupalilia, kupuliza salfa, kuokota, anamfanyia mtu mwingine shambani kwake mwenyewe. Kisha mavuno, ghala la chama cha msingi, mnada, malipo, ngoma, ndoa, talaka. Mwanzo upo, fundo lipo, saa ipo inayokimbia, na hukulipia semina.

Chukua sasa msimu mmoja tu, wa 2018. Oktoba wakulima waligomea bei za mnada. Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaja kusomba. Lakini kabla ya kulipwa, uhakiki. (Neno lilelile la darasani! Ila huu uhakiki ulikuwa na askari.) Mwenye korosho aonyeshe shamba zilikotoka, ili kangomba wakamatwe.

Simama hapo, usikimbie. Kangomba ana magunia, shamba hana. Mzee ana shamba, magunia hana. Aliyekuwa akidai tangu Machi ndiye sasa anakuja usiku, anavua viatu mlangoni, anakaa mkekani na kusema, "Shikamoo mzee, tafadhali, kesho sema ni zako." Kibao kimegeuka na hakuna aliyefufuka, hakuna pacha. Mzee akikubali, jina lake linaandikwa kwenye hela ya mtu mwingine, na hela itaingia akaunti ya nani? Akikataa, mwenzake anakamatwa, na kijiji kizima kinakumbuka nani alimkopesha mzee ada ya mtoto wakati hakuna mwingine aliyefungua mlango. Na kama hao ni ndugu? Na kama mtoto mwenyewe aliyesomeshwa kwa hela ile ndiye karani wa chama cha msingi, kashika daftari?

Unataka na saa ya kuwabana? Mto Ruvuma unakupa. Pale Kilambo maji hupanda na kushuka na bahari, na chombo cha kuvukia Msumbiji husubiri maji yajae. Kangomba akiamua kukimbilia ng'ambo, hawezi kukimbia saa anayotaka yeye. Ataketi ukingoni na mfuko wake mpaka maji yafike. Wewe mwandishi unajua maji yatajaa saa ngapi usiku huo, kama ni bamvua au maji mafu, na mzee anajua, na karani anajua. Mna saa sita za kitabu. Hizo saa sita peke yake ni sura nne kama mtu ana mkono.

Na hapa ndipo ninapowarudia wale wa "inakuja yenyewe". Msuko huu huwezi kuuandika kwa kumwagika. Kama hujaamua mzee atajibu nini, utajuaje sura ya kwanza uiandike vipi siku anapochukua ile hela? Kama atakataa, lazima siku ile ya njaa tumwone akihesabu noti mara mbili na kumrudishia mkopeshaji noti moja iliyozidi. Kama atakubali, basi azikunje bila kuhesabu. Noti ileile, mkono uleule, lakini kitabu kingine kabisa, na kosa la ukurasa wa tatu hulioni mpaka ufike wa mia mbili.

Ninayo karatasi yangu, imebandikwa ukutani kwa ugali, ina mishale mingi kuliko maneno. Mwisho upo chini kabisa, umepigiwa mstari, na nimeufuta mara mbili nikaubadilisha. Karatasi inafutika, kaunta buku kwaya nne halifutiki. Wala sisemi lazima iwe karatasi. Shika hata kichwani kama fundi wa Mikindani, mradi kichwa chako kiwe kimeshamaliza vyombo kadhaa.

Wenye kubisha wabishe, kurasa zipo. Ila anayekuja kubisha aje na riwaya iliyokwisha mkononi, siyo sura tisa.