Vinyama vya Utumbo: Vidonge Peke Yake Havitoshi



Msimu wa korosho uliopita, baada ya ibada hapa Chilangala, mama mmoja alitujia na vidonge vya diklofenaki mkononi. Mume wake alifariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 38, na baba mkwe alikufa kwa ugonjwa huohuo. Sasa kijana wake wa miaka 16 anapata choo chenye damu. Majirani wanasema familia imerogwa. Muuza dawa alimwambia vidonge hivyo vitakausha vinyama.

Muuza dawa hakusema uongo mtupu. Mwaka 1983 huko Marekani iliripotiwa kwamba sulindaki, dawa ya maumivu na uvimbe, ilipunguza vinyama vya namna hii. Utafiti wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba selekoksibu, miligramu 400 mara mbili kwa siku kwa miezi 6, ilipunguza idadi ya vinyama kwa asilimia 28. Lakini kupungua si kuisha. Ukiacha dawa, vinyama huongezeka tena. Utafiti wa mwaka 2002 ulionyesha pia kwamba sulindaki haikuzuia vinyama kuota kwa vijana waliorithi ugonjwa. Na dawa za jamii hii zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na hata moyo.

Akina mama, huu si uchawi wala laana. Ni ugonjwa wa kurithi. Mzazi akiwa nao, kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Vinyama huota kwa mamia, na bila upasuaji karibu kila mgonjwa hupata saratani, wengi wakiwa na miaka kama 40. Kinga ya kweli ni kuondoa utumbo mpana mapema. Watoto waanze kupimwa kwa kamera ya utumbo wakiwa na miaka 10 hadi 12, hata kama hawaumwi.

Damu chooni ina sababu nyingi, kama kuhara damu, kichocho au bawasiri. Kwa hiyo usikisie. Nenda hospitali, na umweleze daktari ni nani katika ukoo alikufa kwa ugonjwa wa utumbo.

Mama yule aliviweka vidonge kando. Tulichanga nauli, na kijana akaenda Muhimbili na barua ya rufaa. Wadogo zake wawili watafuata. Tunaendelea kuchanga.