Mhunzi wa Ireland Hakuwa Mganga

Wako waandishi wapendao kumsifu mhunzi wa kijiji cha Ireland kwa miujiza: maji yake ya kupozea chuma yaliaminiwa kuponya chunjua, na katika hadithi za kale Goibniu, mungu wa uhunzi, aliwafulia silaha Tuatha Dé Danann. Sifa hizo zamdhulumu, maana zamnyima akili yake. Kupigilia kiatu cha chuma katika kwato pasipo msumari kugusa nyama hai si uganga; ni elimu, na kosa la upana wa ukucha humlemaza farasi na kumlaza mkulima njaa. Jeshi la Mfalme halikudanganyika. Katika uasi wa mwaka 1798 lilichoma viwanda vya wahunzi na kuwapiga wenyewe mijeledi, kwa kuwa humo ndimo ilimofuliwa mikuki ya waasi. Chunjua hazikumshughulisha askari hata mmoja! Fuawe zilizowashinda askari zilikuja kunyamazishwa na trekta, hasa ile ya Harry Ferguson, mzaliwa wa County Down, iliyoanza kuundwa mwaka 1946. Farasi walipotoweka mashambani, mhunzi alipotewa na wateja, si na siri. Wengine walishika mtungi wa gesi wakaunga plau za trekta zile zile. Juu ya hao, waandishi wa miujiza hawana neno.