Urafiki Hauletwi na Mume

Mwanamke wa Kisukuma anapoambiwa kwamba mume wake analeta mke mwingine, maneno anayopewa na wakubwa wa ukoo hayabadiliki: mpokee, huyo ni mdogo wako, mtasaidiana kazi. Na yule anayekuja naye hupewa yake: mheshimu mwenzio, yeye ndiye uliyemkuta. Hakuna anayewauliza kama wanapendana, au kama wangezoeana hata siku moja lau wangekutana kisimani au sokoni bila mwanamume huyo kati yao. Urafiki wao umeshaamuliwa kikaoni, siku ileile ng'ombe wa mahari walipohesabiwa.

Toleo hili linahusu ukewenza kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Magu hadi Sengerema na visiwani Ukerewe. Swali tulilolitupa mezani lilikuwa moja: je, wake wenza wanaweza kuwa marafiki wa kweli? Wapo wanaosema upesi kwamba haiwezekani, kwa kuwa penye mume mmoja na vitanda viwili hapakosi kilio. Wapo wanaotukumbusha bibi zao, waliolea watoto pamoja na kuzikana wakilia. Mimi ninaamini kwamba urafiki huo upo, na si wa kuigiza mbele ya wageni. Ila mume hauleti, wazee hawauagizi, na mahubiri ya msikitini au kanisani hayauzalishi. Hutokea pale ambapo kila mwanamke ana chake, na kila mmoja anajua bila kufichwa mwenzake ana nini.

Kaya ya zamani ya Kisukuma ilikuwa na busara fulani katika jambo hili. Kila mke alikuwa na nyumba yake, jiko lake, sehemu yake ya shamba na kihenge chake. Viazi alivyovikata na kuvianika juu ya jabali vikawa michembe, vilikuwa vya nyumba yake, na watoto wake ndio waliovila kwanza njaa ilipobisha hodi. Sisemi kwamba maisha yale yalikuwa ya haki, kwa sababu ng'ombe, ambao ndio utajiri wenyewe, walikuwa wa mume. Lakini mwanamke aliyekuwa na kihenge chake aliweza kumkopesha mwenzake debe la mtama kwa hiari, na mwenye hiari ya kutoa ndiye anayeweza kuwa rafiki. Mtu anayegawiwa kila kitu kwa mkono wa mwingine humtazama mwenzake kama anayempunguzia.

Ukitaka kuuona urafiki huo leo, nenda mwalo wa Igombe asubuhi inayofuata usiku wa giza, mitumbwi ya dagaa inapoingia. Wavuvi wa dagaa hutegemea taa, hivyo mwezi ukiwa mkubwa hupumzika, na giza linaporudi mwalo mzima unafufuka. Dagaa humwagwa mchangani au kwenye vichanja, hugeuzwa, na jua likiwa kali mchana huohuo wanakauka. Wingu likitanda kutoka ziwani, ni mbio. Dagaa wakilowa bei inaanguka, na wengi huishia kuuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Kazi hii inamshinda mtu mwenye mikono miwili tu. Huko niliwakuta wanawake wawili wa mume mmoja, mmoja mtu mzima, mwingine bado ananyonyesha. Yule mkubwa ndiye anayepeleka magunia soko la Mwaloni Kirumba na kubishana na wachuuzi. Mdogo anabaki kugeuza dagaa, na mtoto wa mwisho wa mwenzake amelala kivulini pembeni ya wake.

Kusaidiana huko peke yake kusingenishawishi. Watu husaidiana kazi na bado wakachukiana, na mialo imejaa ushirika wa namna hiyo. Kilichonifanya niseme hawa ni marafiki ni desturi ndogo waliyojiwekea: mume akimwachia mmoja hela ya matumizi, siku hiyohiyo anamwambia mwenzake ameachiwa kiasi gani, hadi senti ya mwisho. Walinieleza ilivyoanza. Kila mmoja aliposema hana kitu, mume alimjibu kwamba hela zote amekula mwenzake. Waliishi hivyo kwa muda mrefu, wakinuniana, wakitumiana watoto kupeleka maneno ya shari. Kisha usiku mmoja mume akiwa ziwani, mkubwa akagonga mlango wa mdogo, wakakaa wakahesabu. Wakakuta hakuna aliyepewa.

Nawaomba wasomaji watulie hapo kidogo, kwa sababu ndipo mahali ambapo mazungumzo yetu kuhusu wivu wa wake wenza hupotoka. Tunauzungumzia wivu kama tabia ya kuzaliwa ya mwanamke, kumbe mara nyingi umepandwa na kumwagiliwa na mtu anayenufaika nao. Mume mwenye wake wanaoambiana ukweli hawezi kutawala kwa kuwagombanisha. Ndiyo maana wanaume wengi wanaosifia wake zao kwa kuelewana huanza kuwa na wasiwasi siku maelewano hayo yanapoacha kupita kwao. Wanataka wake wapatane, wasishikamane. Nami nasema kwamba kupatana bila kushikamana ni ukimya tu.

Ukubwa wa jambo hili si mdogo. Utafiti wa taifa wa afya na demografia wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba takribani mwanamke mmoja kati ya watano walioolewa Tanzania alikuwa na mke mwenza. Mwaka 2015, mtafiti David Lawson na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika vijiji 56 vya kaskazini mwa Tanzania, Wasukuma wakiwa miongoni mwa makabila yaliyochunguzwa. Ukilinganisha kijiji na kijiji, kule kwenye mitala mingi ndiko kwenye njaa zaidi na watoto wenye afya duni. Lakini ukilinganisha kaya na kaya ndani ya kijiji kimoja, picha inabadilika: kaya za mitala hazikuwa na hali mbaya zaidi ya jirani zao, na mara nyingi zilikuwa na mifugo na ardhi zaidi. Watafiti walihitimisha kwamba tofauti kati ya kijiji na kijiji zinatokana na uhaba wa mvua na ugumu wa kupata elimu, na mitala inabebeshwa kosa lisilo lake. Nauheshimu utafiti huo, na ninawasihi wanaotumia mitala kama kisingizio cha kila shida ya Kanda ya Ziwa wausome. Hata hivyo, haukupima kama wanawake wale walipendana, na kihenge kilichojaa hakimwambii mtu nani analia usiku.

Kuna mahali urafiki huu huvunjika hata ukiwa umejengwa vizuri, napo ni kitandani pa mtoto mgonjwa. Malaria inaua pwani ya ziwa hili, na mtoto wa nyumba moja akifa huku wa nyumba ya pili wakicheza uani, macho hayachelewi kugeuka. Mganga akitafutwa, jina linalotajwa mara nyingi si la mtu wa mbali. Sote katika Usukuma tunajua tuhuma za uchawi zimefika wapi: vikongwe wamekatwa mapanga katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kwa miongo mingi, na baadhi ya chuki hizo zilianzia ndani ya ua. Mke mwenza anayebeba mtoto wa mwenzake mgongoni usiku kumkimbiza zahanati, halafu mtoto akafia njiani, amejiweka katika hatari ambayo jirani wa kawaida haijui. Wapo wanaoichagua hatari hiyo. Sijui jina lingine la kuiita zaidi ya upendo.

Namna mke wa pili anavyoletwa huamua mengi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika kwa Kikerewe mwaka 1945 riwaya kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka; mwenyewe akaitafsiri kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafa. Humo ndugu wa mume wanausimanga utasa wa wale wawili hadi wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao, na Myombekere anakwenda kwa wakwe kumwomba mke wake arudi. Sikitaji kitabu hicho ili kupiga mbiu ya ndoa ya mke mmoja. Ninachokiona humo ni kwamba shauri la kuleta mwanamke mwingine hutoka kwa ndugu kabla halijatoka kwa mume, na kwamba mke mpya huletwa aje kuziba pengo analolaumiwa mke wa kwanza. Mwanamke aliyeletwa kama ushahidi wa upungufu wa mwenzake atakuwaje rafiki yake? Hata wakipendana kwa tabia, kila mimba yake ni hukumu kwa mwingine.

Mkoa jirani, kwa Wakurya wa Mara, kuna nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari akaoa msichana amzalie watoto wa nyumba yake. Wapo wanaoisifia kama uhuru wa wanawake. Mimi nakwenda taratibu, kwa sababu mtoa mahari na aliyetolewa mahari hawasimami sawa hata wakiwa wote wanawake. Lakini inatukumbusha kwamba ua unaoendeshwa na wanawake wawili si jambo geni kandokando ya ziwa hili.

Siku hizi wake wengi wenza hawaishi ua mmoja. Mvuvi anahama na samaki, kutoka mwalo hadi mwalo, na kambini anapata mke mwingine ambaye yule wa nyumbani humsikia kwa watu. Mfanyabiashara ana nyumba Igoma na nyingine Sengerema, na kwa miaka mingi kivuko cha Kigongo–Busisi kilikuwa ukuta kati yao. Tangu Juni 2025 daraja la kilomita tatu limesimama pale, na safari iliyokula saa nzima na zaidi ni ya dakika chache. Siri zilizolindwa na maji hazilindiki tena. Sioni ubaya wake. Mke asiyemjua mwenzake hawezi kuwa rafiki wala adui yake, anabaki kupigana na kivuli.

Sheria yetu ilijaribu kuweka mambo hadharani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke aliyepo nafasi ya kupinga ndoa mpya kabla haijafungwa, kwa hoja kwamba kwa kipato cha mume yeye na watoto watataabika, au kwamba anayekuja ataleta mfarakano mkubwa nyumbani. Kifungu cha 57 kinatamka kwamba wake wa mume mmoja wana haki sawa, wajibu sawa na hadhi sawa. Hakuna bi mkubwa wala bi mdogo mbele ya sheria hiyo. Lakini utapingaje ndoa unayoisikia imeshafungwa na mtoto ameshazaliwa? Na Waislamu wenzetu wanajua kwamba Sura An-Nisaa iliweka uadilifu kama sharti la kuoa zaidi ya mmoja, sharti ambalo wanaume wengi hulisoma harakaharaka.

Kipimo chenyewe cha urafiki huu huja siku ya msiba. Mume akishazikwa, kile kilichowaunganisha kwa lazima kimeondoka, na kila kinachobaki kati yao ni chao wenyewe. Sheria za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zinamtanguliza katika urithi mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza, na zinamwacha mjane bila fungu iwapo marehemu ana watu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Kwa sheria ya Kiislamu, marehemu akiacha watoto, wajane wote hugawana thumni moja, wakiwa wawili au wanne. Kanuni zote mbili huwaweka wanawake hawa kwenye sahani moja iliyo ndogo, kisha jamaa hukaa pembeni kusubiri wagombane.

Wajane wawili wa Shinyanga walikataa kugombania makombo. Hawakuwa wake wenza, lakini walipofukuzwa majumbani na ndugu wa waume zao kwa nguvu ya mila hizo za Kisukuma, walikwenda Mahakama Kuu pamoja. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba mila hizo zinabagua, ikakataa kuzifuta. Shauri likafika Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 ikawapa haki na kuitaka Tanzania irekebishe sheria zake. Ninawataja kwa sababu nimekuwa nikijiuliza ingekuwaje kama wajane wawili wa mume mmoja wangefanya hivyo, badala ya kila mmoja kujificha nyuma ya mwanawe wa kiume.

Ninachowadai wanaume wanaosoma toleo hili ni kidogo: waiteni wake zenu wote siku moja, mketi nao, mtaje mbele yao mlicho nacho, nani atapata nini, na muandike. Msiwaombe wapendane. Hilo si lenu.

Na wanawake, mtakaposoma makala zinazofuata, muangalieni hasa mke wa pili anayesimama katika Mahakama ya Mwanzo, wanawe wamemnunia nyuma yake, anasema mbele ya hakimu kwamba shamba linalogombaniwa alilikuta limeshafyekwa, kwamba aliyelifyeka na kulilima kabla hajaja ni mwenzake, na kwamba haki iende kwake, hata kama fungu la watoto wake mwenyewe litapungua.